Kupima Hatari Kabla ya Kumwaga Zege: Usalama katika Usanifu wa Mitambo ya Kuchenjua Dhahabu

Usalama wa mtambo wa kemikali huamuliwa kwa sehemu kubwa ukiwa bado mchoro. Wakati huo, kuliondoa tangi la sumu karibu na nyumba za watu ni kazi ya kufuta mstari na kuchora mwingine. Msingi ukishamwagwa ni kazi ya kubomoa, na ni nadra mwenye mtaji kubomoa kwa hiari. Kwa hiyo tathmini ya vihatarishi huanza siku mchoro wa kwanza unapowekwa mezani, na hufanywa na watu wenye mamlaka ya kuubadilisha. Tathmini inayoandikwa baada ya ujenzi, ili kukamilisha jalada la maombi ya kibali, hueleza hatari ambazo hakuna tena anayeweza kuziondoa.

Mkoa wa Songwe, nchini Tanzania, unahitaji maarifa haya kwa sababu una dhahabu. Upande wa Saza na Mkwajuni, wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani masalia ya mawe yaliyosagwa, huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi. Sianidi huyeyusha dhahabu iliyosalia, kaboni huinyonya, na kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, ambako huoshwa kwa asidi, kisha dhahabu hutolewa kwa mchanganyiko wa moto wa kostiki na sianidi wenye nyuzi 110 hadi 130. Kwa kuwa kaboni hubebeka kwenye magunia, mtambo wa elusheni unaweza kujengwa mbali na machimbo. Mwekezaji anaweza hata kuifikiria Isongole, wilayani Ileje: ipo mpakani na Malawi, na lami ya kilomita 50 hivi inaiunganisha na Mpemba kwenye barabara kuu ya Tunduma. Mtambo wa kufikirika wa elusheni hapo Isongole ndio utakaotumika kama mfano.

Hatua ya kwanza ni orodha ya kila kemikali, kiasi kikubwa kabisa kitakachokuwepo kwa wakati mmoja, na mahali kitakapokaa. Wasanifu wengi huandika wastani wa matumizi ya mwezi. Wastani haudhuru mtu. Kinachodhuru ni shehena nzima iliyoshushwa jana kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Kiasi hicho kikishajulikana, hesabu chache za penseli hutosha kuonyesha ukubwa wa jambo.

Pipa la kawaida la sianidi ya sodiamu lina kilo 50. Likikutana na asidi ya kutosha, hutoa takriban kilo 27 na nusu za gesi ya haidrojeni sianidi. Kiwango cha gesi hiyo kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni sehemu 50 kwa milioni, sawa na miligramu 55 hivi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa kugawanya, pipa moja linatosha kuifikisha kwenye kiwango hicho hewa ya ujazo wa mita 500,000, yaani uwanja wa mpira uliojazwa hadi kimo cha mita 70. Gesi haitachanganyika sawasawa namna hiyo, na hesabu hii si utabiri. Inampa msanifu kipimo cha kile anachokiweka kwenye stoo.

Hesabu ya pili hutisha zaidi kwa sababu kiasi chake ni kidogo. Banda la kazi lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4 lina hewa ya mita za ujazo 320. Kilo moja tu ya sianidi ikigeuka yote kuwa gesi ndani yake, hewa hufika zaidi ya sehemu 1,500 kwa milioni, wakati sehemu 300 zinatosha kuua ndani ya dakika chache. Kilo moja ni masalia yanayoweza kubaki kwenye bomba na chini ya tangi baada ya zamu. Banda lililofungwa pande zote kwa kuogopa wizi wa kaboni, jambo linaloeleweka, ni banda linalokusanya gesi. Wavu wa chuma kuanzia usawa wa kiuno hadi paani huzuia mwizi na kuruhusu upepo, na gharama yake haizidi sana ya ukuta wa matofali.

Baada ya kiasi hufuata mazingira yanayoigeuza kemikali kuwa ajali. Kwa sianidi, jambo kuu ni pH, yaani kipimo cha uasidi. Kwenye pH 10.5, asilimia 5 hivi ya sianidi iko katika umbo linaloweza kutoroka kama gesi. Ikishuka hadi 9.2 huwa nusu nzima, na kwenye 8.2 ni asilimia 90. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo siku ya joto huiondoa majini kwa urahisi. Tofauti kati ya tangi salama na tangi linaloua ni namba mbili kwenye kipimo hicho, na namba hizo zinaweza kushushwa na asidi iliyopotea njia, na chokaa iliyosahaulika, au na mvua ya masika inayonyesha juu ya tangi lisilo na paa.

Ili kuzipata njia zote hizo kabla hazijajitokeza zenyewe, wahandisi wa kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza walibuni katika miaka ya 1960 utaratibu ambao sasa unajulikana duniani kwa kifupi cha HAZOP. Kundi dogo la watu hukaa na mchoro, huchukua bomba moja baada ya jingine, na kuuliza maswali kwa kutumia maneno machache ya kuongozea: hakuna, zaidi, pungufu, kinyume, pamoja na, badala ya. Kwa mtambo mdogo watu watano wanatosha: msanifu, fundi umeme, mchenjuaji aliyewahi kushika zamu ya usiku, mtu wa afya na usalama, na mwenyekiti asiye na faida yoyote katika mradi. Mchenjuaji wa zamu ndiye anayesahaulika mara nyingi, ilhali ndiye anayejua vali gani hukwama na watu hufanya nini ikikwama. Kikao kisizidi nusu siku, kwa sababu akili iliyochoka huanza kujibu kila swali kwa neno “haiwezekani”.

Bomba la kostiki, kemikali inayoipandisha pH, linaonyesha jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Kwenye mtambo wa mfano linatoka tangi la juu na kuingia tangi la kuchanganyia sianidi. Neno la kwanza ni “hakuna”: kostiki haifiki. Sababu zinazotajwa haraka ni vali iliyofungwa na tangi lililokwisha. Kisha mmoja anakumbuka baridi. Kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda ikishuka chini ya nyuzi 12 hivi, na nyanda za juu kusini zina asubuhi za Juni na Julai zinazofika huko. Bomba limeziba, pampu ya sianidi inaendelea, pH inashuka, na mtu wa zamu anaona kila kitu kinazunguka kama kawaida. Tiba yake ni kununua kostiki ya vipande na kuiyeyusha kwa asilimia 20, ambayo haigandi kwa baridi ya Ileje, na kuifunga pampu ya sianidi kwa kipima pH ili isizunguke pH ikiwa chini ya 10.5. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mitambo ya Ghuba, kwenye joto la nyuzi 40, hakina sababu ya kulitaja jambo hilo.

Neno “kinyume” hufichua umeme ukikatika: pampu inasimama, na kimiminika kilichokuwa juu kinarudi chini kupitia bomba lilelile. Ikiwa pampu moja inahudumia asidi na sianidi kwa zamu, kinachorudi kinaweza kuwa asidi kuelekea tangi la sianidi. Neno “badala ya” hufichua viungio vya mipira: kama mpira wa asidi unaingia kwenye mdomo wa kostiki, ipo siku utaingizwa. Viungio vya vipimo tofauti huondoa kosa hilo moja kwa moja, wakati rangi na maandishi hulipunguza tu.

Njia za ajali zikishaorodheshwa, hupimwa kwa mambo mawili: itatokea mara ngapi, na ikitokea itaumiza nani kwa kiasi gani. Hapa ndipo majedwali ya rangi nyekundu, njano na kijani hutumika, na ndipo yanapotumika vibaya. Jedwali la kawaida huipa kila njia ya ajali alama 1 hadi 5 za uwezekano na 1 hadi 5 za madhara, kisha alama huzidishwa. Mchubuko wa kila wiki hupata 5 mara 1. Gesi inayoua zamu nzima mara moja katika uhai wa mtambo hupata 1 mara 5. Zote ni tano, na karatasi inaonyesha kwamba ni sawa. Si sawa hata kidogo. Tukio lolote linaloweza kuua zaidi ya mtu mmoja litolewe kwenye jedwali na kuhesabiwa peke yake.

Hesabu yenyewe inawezekana bila kompyuta. Katika mtambo wa mfano, kaboni inaoshwa kwa asidi mara mbili kwa wiki, yaani mara 100 hivi kwa mwaka, ndani ya mnara uleule unaopokea sianidi baadaye. Kabla ya asidi kuingia, mtu wa zamu lazima asuuze mnara. Kwa kazi ya mazoea yenye maelekezo ya maandishi, wahandisi hukadiria kosa moja katika mara 100. Mara 100 kwa kosa moja katika 100 ni kosa moja kila mwaka. Kikiwekwa kipima pH kinachoifunga vali ya asidi chenyewe, na kikachukuliwa kuwa kitashindwa mara moja katika 10, asidi itakutana na sianidi mara moja katika miaka 10. Kipima gesi chenye king'ora, kikipewa kiwango hichohicho cha kushindwa, huifanya ajali ya kumkuta mtu kuwa moja katika miaka 100.

Je, mara moja katika miaka 100 inatosha? Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza huweka ukomo wa hatari ya kifo kwa mfanyakazi kuwa moja katika 1,000 kwa mwaka, na kwa mwananchi aliye nje ya uzio moja katika 10,000. Hatari huanza kuhesabiwa ndogo inapofika moja katika milioni. Vipimo hivyo vimewekwa huko kwa sheria za huko, lakini vinafaa kama rula. Mtambo wa mfano, pamoja na vifaa vyake viwili vya kisasa, uko mara 10 juu ya ukomo wa mfanyakazi. Kukijengwa minara miwili, mmoja wa asidi na mwingine wa sianidi, bila bomba wala pampu inayoshirikiwa, na sakafu zake zikamwagia kwenye mashimo tofauti, kosa la kila mwaka linaondoka lote. Kaboni itakayohamishwa itabidi isuuzwe, na hapo pana hatari ndogo iliyobaki ya kuhesabiwa, lakini hailingani na ya kwanza. Mnara wa pili ni gharama halisi, na katika mtambo wa aina hii haufai kupunguzwa bajeti inapobana.

Hesabu ya kinga ina mtego mmoja. Kinga mbili huzidishwa tu kama hazitegemei kitu kimoja. Feni, kipima gesi na king'ora vilivyounganishwa kwenye umeme uleule wa gridi hufa pamoja, na hufa wakati uleule pampu zinaposimama na vimiminika vinarudi nyuma. Jenereta inayowashwa kwa mkono haisaidii dakika za mwanzo, ambazo ndizo zinazoua. Kipima gesi kiwe na betri yake, na mtu wa zamu avae kingine kifuani. Vivyo hivyo, mfanyakazi mmoja anayesuuza, anayesoma pH na anayesikiliza king'ora ni kinga moja, hata kama karatasi imemhesabu mara tatu.

Bhopal, nchini India, ndiko mtego huo ulikoonekana kwa gharama kubwa kuliko kote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, tangi la kemikali iitwayo methaili aisosayaneti lilichemka na gesi yake ikaingia mitaani, ikiua maelfu. Kiwanda kilikuwa na jokofu la kulipoza tangi, mnara wa kusafisha gesi na mwenge wa kuichoma. Jokofu lilikuwa limezimwa, mnara haukuwa tayari kufanya kazi, na bomba la mwenge lilikuwa limekatwa kwa matengenezo. Tani nyingi zilizokuwa tangini zilikuwa kemikali ya katikati tu, iliyohifadhiwa kwa ajili ya hatua inayofuata. Kiwanda kingeweza kusanifiwa kuitengeneza na kuitumia papo hapo. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alikuwa amekwisha kufundisha tangu miaka ya 1970 kwamba kemikali isiyokuwepo haiwezi kuvuja. Kwa mwenye matangi ya Mkwajuni, somo hilo maana yake ni kupeleka kaboni kwenye mtambo wa elusheni wa mbali, ili asidi isiingie kabisa kwenye eneo lenye sianidi. Kwa mwenye elusheni, ni kuagiza sianidi ya wiki mbili badala ya miezi sita, na kuitenganisha stoo yake na ya asidi kwa umbali, si kwa ukuta peke yake.

Kisha huja suala la mahali. Mtambo uleule una hatari tofauti Saza na Isongole, na sehemu kubwa ya tofauti ni maji. Mkoa una mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unaelekea ziwa Rukwa, na maji ya upande wa machimbo huishia huko. Rukwa halina mto unaotoka, kwa hiyo sumu isiyooza, kama zebaki, ikifika hubaki. Songwe wa pili ndio mpaka na Malawi, na humwaga maji yake ziwa Nyasa. Kuvuja kwa mtambo wa Isongole kungefika kwa watu wa nchi mbili wanaotumia mto mmoja. Samaki wengi hufa maji yakiwa na sianidi ya miligramu 0.05 kwa lita, na mchanganyiko wa mtambo unaweza kuwa na miligramu 500. Kila mita moja ya ujazo ikivuja huhitaji mita za ujazo 10,000 za maji safi kuizimua hadi kiwango hicho. Tangi la mita za ujazo 20 huhitaji 200,000. Mto wakati wa kiangazi hauna maji hayo ya kugawa. Mipango ya dharura ya Isongole, kwa hiyo, lazima iwe na namba za simu za upande wa Chitipa, nchini Malawi, na mazungumzo na viongozi wa vijiji vya ng'ambo yaanze kabla ya ujenzi.

Sianidi inayosafiri imekwisha kuonekana. Tarehe 30 Januari 2000 ukingo wa bwawa la mtambo wa kuchenjua dhahabu huko Baia Mare, Romania, ulivunjika na mita za ujazo 100,000 hivi za maji ya sianidi zikaingia mitoni, zikaua samaki hadi Hungaria na Serbia. Mvua na theluji iliyoyeyuka ndizo zilizolijaza bwawa kupita uwezo wake. Nyumbani, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka Novemba 2022 na tope likafunika mashamba. Mnamo Februari 2025, bwawa la topesumu lenye asidi lilipasuka Chambishi, Zambia, na kuathiri mto Kafue. Msanifu apime bwawa kwa mvua: milimita 100 zikinyesha juu ya bwawa la mita za mraba 2,000 huongeza mita za ujazo 200, na nafasi hiyo iwe tupu muda wote, juu ya ile ya kazi. Mfereji wa kukinga maji ya mlimani uzunguke bwawa, kwa sababu bila mfereji huo mlima mzima huwa sehemu ya bwawa.

Upepo, nyumba, shule na njia ya kwenda kisimani huchorwa kwenye ramani moja na mtambo. Huduma ya afya pia. Sianidi huua kwa dakika, na tiba yake, ambayo ni oksijeni na dawa kama haidroksokobalamini, hufaa ikiwahi. Itumba, makao ya wilaya ya Ileje, ni jirani ya Isongole na ina hospitali. Swali la kuuliza huko kabla ya kununua kiwanja ni kama dawa hiyo ipo, nani amefunzwa kuitumia, na nani ataibadilisha muda wake ukiisha. Mara nyingi jibu bora ni mtambo kununua dawa na kuikabidhi hospitali.

Zebaki husahaulika kwa sababu mwenye sianidi haitumii. Lakini marudio yamekwisha kupita kwenye zebaki, sianidi huiyeyusha pamoja na dhahabu, kaboni huinyonya, nayo hutoka kama moshi kwenye tanuru la kuyeyushia. Chumba cha tanuru bila ritoti, yaani chungu kilichofungwa, na bomba la kukusanya mvuke humpa sumu mtu mmoja taratibu kwa miaka, na jedwali la rangi halitamwona.

Kwa upande wa sheria, mwenye mtambo wa Tanzania hukutana na ofisi nne. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali kwa sheria ya mwaka 2003 na ina ofisi ya kanda Mbeya. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, husajili na kukagua sehemu za kazi. NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, hupokea tathmini ya athari kwa mazingira. Na Tume ya Madini hutoa leseni za uchenjuaji. Inafaa kuwapelekea mchoro na hesabu mapema, kabla ya fomu. Mkaguzi akionyeshwa kosa kwenye karatasi anaweza kushauri, lakini akilikuta kwenye zege, mara nyingi kilichobaki ni kufunga mtambo.

Tathmini iliyokamilika inahusu mtambo uliochorwa tu. Katika kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, mtungi mmoja kati ya sita ulipata ufa mwezi Machi 1974, ukaondolewa, na bomba la muda likaunganishwa kuruka pengo. Mchoro wake pekee ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni bomba lilikatika, kiwanda kikalipuka na watu 28 wakafa. Mitambo ya dhahabu hubadilishwa kila mara: mnara unaongezwa dhahabu ikipanda bei, pampu iliyokufa inabadilishwa na yenye nguvu zaidi kwa sababu ndiyo iliyopatikana Tunduma. Kila badiliko la bomba, pampu, vali, kemikali au kiasi liandikwe kwenye daftari moja, lipitishwe kwenye maneno yale sita na watu wawili angalau, na lisainiwe kabla spana haijashikwa. Tathmini nzima irudiwe kila baada ya miaka mitano, au mapema zaidi shehena inayohifadhiwa ikizidi ile iliyoandikwa kwenye orodha ya kwanza.